Re: Nimeokoka, mbona tamaa za zamani bado zipo?
Ndugu yangu, umeuliza kama umeokoka kweli maana tamaa za zamani bado zinakuja. Zitakuja tu, hata Paulo kwenye Wagalatia 5:17 anasema mwili na Roho vinashindana, na hapo anawaandikia watu walioamini tayari. We angalia unachokitaka sasa hivi. Zamani ulikuwa unamsema mtu vibaya halafu unalala fofofo, leo ukimsema tu dhamiri inakusuta mpaka unashika simu unamwomba msamaha, sasa hiyo hamu ya kupatana umeitoa wapi kama sio kwa Mungu? Wafilipi 2:13 inasema yeye ndiye anafanya kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu, yaani anaanzia kwenye kutaka kabisa. Usiache kuomba eti kwa sababu unatamani, omba hapohapo tamaa ikiwa imekubana.