Kutoka kuongoza wageni wa kuvua Kigoma hadi kuwa na kipindi cha TV: hela iko wapi, na mambo huharibikia wapi

Mleta mada, umeuliza mambo matatu: kama mdogo wako anayepeleka wageni kuvua kwa ndoana Ziwa Tanganyika kutokea Kibirizi, Kigoma, anaweza kuwa mtangazaji wa kipindi cha uvuvi, kama kipindi kitamlisha, na aanzie wapi akiwa na milioni tano. Najibu nikichukulia kwamba boti anaijua na kamera haijui, maana ndivyo ulivyomweleza.

Naanza na la pili. Kipindi chenyewe hakitamlisha. Kitakachomlisha ni kile ambacho kipindi kinakiuza, na kitu hicho inabidi kiwepo kabla kamera haijawashwa. Wachangiaji waliotangulia wametaja Wamarekani kana kwamba walitajirika kwa kuonekana kwenye skrini. Roland Martin alikuwa mwongoza wavuvi kwenye maji ya Santee-Cooper, South Carolina. Akashinda taji la mvuvi bora wa mwaka la B.A.S.S. (chama cha mashindano ya uvuvi cha Marekani) mara 9, akawa na kipindi chake cha TV. Lakini tazama mahali jina lake lilipogeuka fedha: marina (gati la kuegesha boti) huko Clewiston, Florida, ukingoni mwa ziwa Okeechobee, na chambo bandia kilichouzwa sana kwa matangazo ya televisheni miaka ya 1990.

Ndugu wawili, Al na Ron Lindner, ndio mfano ninaoupenda zaidi kwa kijana wa Kigoma. Walikuwa wakiongoza wavuvi maeneo ya Brainerd, Minnesota. Walichouza kwanza ni Lindy Rig, na ni kitu kidogo sana: chubwi (kizito cha kuzamisha ndoana) linaloteleza kwenye mshipi, swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokotane), kipande cha mshipi na ndoana, vyote vimefungwa tayari. Kwa kuwa chubwi linateleza, samaki akichukua chambo anavuta mshipi bila kuhisi uzito, kwa hiyo hakitemi. Mvuvi asiye na uwezo wa kumlipa mwongozaji alikuwa ananunua mbinu ya mwongozaji ndani ya pakiti. Jarida lao la In-Fisherman lilikuja 1975, na televisheni ikafuata. Boti kwanza, kifaa, halafu maelezo, mwisho skrini. Vijana wengi wanaugeuza mpangilio huo kichwa chini miguu juu, halafu wanashangaa mbona watazamaji wapo na hela haipo.

Kwa Kigoma mdogo wako ana vitu vitatu vya kuuza: kiti cha mgeni kwenye boti, pakiti za mishipi iliyofungwa tayari, na dagaa. Dagaa msimdharau. Jina "dagaa wa Kigoma" linajulikana nchi nzima, na malalamiko ya mnunuzi wa Dar au Arusha ni yaleyale kila siku: mchanga. Dagaa akianikwa juu ya chanja yenye wavu badala ya ufukweni, akakauka hadi akikunjwa anavunjika, akafungwa pakiti za gramu 250 na 500 zilizopimwa kweli, kipindi kinakuwa na kitu cha kuonyesha na kuuza palepale. SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) waendewe mapema, kabla ya kuchapisha lebo, maana lebo iliyochapishwa vibaya huwa ni hasara kamili.

YouTube nako hesabu ni hizi: ili ulipwe matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifikisha dola 10, Google wanatuma PIN kwa posta, kwa hiyo S.L.P. iwe inayofunguliwa kweli, si ya mjomba aliyehamia Kasulu. Fedha yenyewe hutoka ikifika dola 100. Fomu ya kodi ya Marekani aijaze mapema. Asipoijaza, Google wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote. Akiijaza, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, wanakata asilimia 30, lakini ya mapato ya watazamaji walioko Marekani tu. Kwa kipindi cha Kiswahili hao ni wachache.

Sasa ziwani. Kinachoua vipindi vya uvuvi si picha, ni sauti. Mtazamaji atavumilia picha inayotikisika, lakini hatavumilia mngurumo wa mashine ya viharusi viwili (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli) na upepo wa kusi unaopiga kwenye maiki. Anunue maiki ndogo ya kubana yenye manyoya, aibane kwenye mkanda wa jaketi okozi karibu na kola, upande usiopigwa na upepo. Isiwe chini ya jaketi, maana kitambaa kikisuguana sauti yote imeharibika na hakuna programu itakayoisafisha. Kilele cha sauti kisipite −12 dB. Kabla ya kila kipande apige kofi moja mbele ya kamera, ili sauti na picha zije kuunganishwa kwa urahisi. Na kanuni isiyo na mjadala: akitaka kueleza jambo, mashine izimwe. Boti ikiyumba inaongeza uhai kwenye picha.

Kamera mbili ndogo zisizoingia maji zinatosha, moja kwenye mlingoti nyuma ikitazama mbele, nyingine kifuani. Simu nzuri iwe ya tatu. Arekodi 1080p kwa fremu 25 kwa sekunde, ambayo ndiyo stesheni zetu hutumia. Fremu 30 zikigeuzwa kuwa 25 baadaye, mwendo unarukaruka. Kwa kasi ya Mbps 60 saa moja inakula takriban GB 27, kwa hiyo kadi ya GB 64 ni saa mbili na kidogo. Achukue kadi nne ndogo badala ya moja kubwa, maana kadi moja ikifa imekufa na safari nzima. Betri za kamera hizi huisha kati ya dakika 60 na 90. Kila kamera ifungiwe kamba na kiboya, kwani ziwa lina kina cha takriban mita 1,470 na kilichozama hakirudi. Ndani ya kasha aweke pakiti ya silika (punje za kufyonza unyevu) la sivyo kioo kitaota ukungu, na matone ya nje dawa yake ni mate: lamba kioo, maji yanatandazika badala ya kusimama matone. Inachekesha lakini inafanya kazi.

Kuhusu mwanga, Kigoma inatumia majira yaleyale ya Dar wakati iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, na linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 1 jioni. Picha nzuri ni hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 na nusu. Saa 7 mchana jua liko utosini, kofia inatia giza usoni. Kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi nyeupe, kikiwekwa mapajani, kinarudisha mwanga chini ya kofia.

Kukokota chambo polepole kwa saa nyingi, kama anavyofanya kwa samaki aitwaye kuhe kando ya miamba, huchafua plagi za mashine ya viharusi viwili. Oili haiungui yote, plagi zinalowa, mashine inazima mbele ya mgeni na mbele ya kamera. Kila dakika 15 au 20 aongeze moto kwa dakika moja hivi, awe na plagi mbili za akiba na spana yake, na mchanganyiko uwe ule wa kitabu cha mashine. Ukiwa 50:1 maana yake ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, si kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Mafuta yagawanywe matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Siku ya kurekodi mafuta huisha haraka kuliko siku ya kawaida, kwa sababu boti inarudia njia ileile mara tatu kupata picha.

Hapa nina ugomvi kidogo na vipindi vingi vya nje. Kumwachia samaki mbele ya kamera kunapendeza, lakini samaki kama sangala aliyevutwa haraka kutoka mita 40 anafika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, tumbo limetoka mdomoni. Ukimwachia anaelea hadi anakufa. Hayo ni maigizo. Samaki wa kina aliwe, na wa kuachiwa awe wa maji mafupi, asiwe nje ya maji kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kubana pumzi. Kuhe akionekana dume na jike wamesimama juu ya wingu la vitoto, mshipi usishuke pale. Wazazi wote wawili hulinda, na ukimtoa mmoja vitoto vinaliwa. Kumweleza mtazamaji kwa nini boti inaondoka mahali penye samaki ni kipande kizuri kuliko samaki mwenyewe.

Tena asimwahidi mgeni samaki wa "kilindini". Kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, maji ya Tanganyika hayana oksijeni, samaki hawaishi huko. Kipima kina cha bei ndogo kinatosha, maana kinachotafutwa ni wingu la dagaa. Migebuka, samaki wanaowinda dagaa, watakuwa pembeni yake.

Vibali navitaja harakaharaka, lakini mpangilio una maana. BRELA (usajili wa biashara) na TIN (namba ya mlipakodi) kwanza. Leseni ya biashara ya utalii na ukaguzi wa boti wa TASAC (wakala wa usafiri wa majini), kwa sababu anabeba wageni kwa malipo. Leseni ya uvuvi kwa ofisa uvuvi wa wilaya, ambaye pia ndiye wa kuulizwa kuhusu kufungwa kwa ziwa: 2024 nchi nne zinazolizunguka zilifunga uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kijana asidhani ndoana mbili za mgeni hazihesabiki. Miezi ya namna hiyo arekodi utengenezaji wa mitumbwi, ufungaji wa mishipi, mapishi. Kurekodi kuna Bodi ya Filamu, na maudhui ya mtandaoni kuna TCRA (mamlaka ya mawasiliano). Awape maelezo ya chaneli kwa maandishi, wao wamwambie anaingia kundi gani la leseni. Droni ina mlolongo wake wa TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na wizara ya ulinzi, na Kigoma ni mpakani. Mwaka wa kwanza aiache. Hifadhi ya Gombe iko takriban kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, na maji yaliyo ndani ya mipaka ya hifadhi si mahali pa kushusha mshipi wala kamera ya biashara bila karatasi ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa).

Stesheni ikimwita, asome kwanza ni nani anamlipa nani. Wengi wakisema "tunakupa nafasi" wanamaanisha ununue muda wa hewani, kisha utafute wadhamini mwenyewe. Si vibaya, mradi dakika za matangazo ndani ya nafasi ile ziwe zake kuuza. Nafasi ya nusu saa huwa na dakika 22 hadi 24 za kipindi. Mkataba useme picha ghafi na haki ya kuweka YouTube vinabaki kwake, na stesheni inapata haki ya kurusha kwa idadi fulani ya mara. Akisaini karatasi inayosema "haki zote", ndiyo basi tena.

Hiyo milioni tano: kamera na sauti visizidi milioni mbili. Milioni moja iende kwenye jaketi okozi za saizi zote, kizima moto, kasia na matengenezo ya mashine. Laki tano malighafi za pakiti mia moja za kwanza: ndoana, swiveli, machubwi, mshipi, na karatasi yenye mchoro wa kufunga fundo. Inayobaki ni mafuta na vibali, ili arekodi vipindi sita kabla ya kurusha hata kimoja. Akirusha cha kwanza bila akiba, wiki ya tatu kusi litavuma siku nne mfululizo na hatakuwa na cha kuweka.