Jioni Tulivu Katika Siku za Fukuto: Maneno kwa Watabiri Wapya wa Ukanda wa Ziwa

Juma lililopita nilifika kupokea zamu ya usiku nikamkuta kijana wetu amekwisha kufunga begi lake, na katika daftari la makabidhiano ameandika sentensi moja tu: "Fukuto tu, anga jeupe, hakuna la kuripoti." Nje hapakuwa na jani lililotikisika, shati lilikuwa limenigandia mgongoni kwa mwendo wa kutoka getini hadi mlangoni, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kudondosha umande, kilikuwa nyuzi 20, hakijashuka tangu mchana. Sikumkemea, kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno. Nilimwomba aweke begi chini tuzungumze, na niliyomwambia nayaandika hapa kwa ajili yenu wengine mnaoanza kukaa zamu peke yenu msimu huu.

1. Someni umande kabla ya kusoma asilimia za unyevu. Kila mwaka anakuja mtu ananiambia kwa furaha kwamba hewa imekauka, kwa kuwa asubuhi unyevu ulikuwa asilimia 94 na saa tisa alasiri ni 49. Ndugu yangu, asubuhi joto lilikuwa nyuzi 20 na sasa ni 31. Umande ni ule ule, nyuzi 19. Hewa haijapoteza hata tone, imepata joto tu, na joto hilo juu ya unyevu huo ndilo litakalokupa ngurumo.

2. Saa. Ukiandika "saa 3" katika tahadhari inayokwenda kwa wavuvi, huku akilini mwako ni saa 3 ya saa za kimataifa, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwetu, mvuvi atasoma saa tatu usiku, na atakuwa na haki. Nimeona kosa hili likirudiwa na watu waliofaulu vizuri darasani. Andikeni "alfajiri", "usiku wa manane", "kabla ya jua kuchomoza", kisha ndipo muweke saa.

3. Ngurumo iliyokufa. Hapa naomba mnivumilie. Nyote mnajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, ndiyo maana ngurumo za alasiri hujengeka juu ya vilima, hadi kule Kericho ambako mvua ya mawe huwapasulia wakulima majani ya chai. Mnajua pia kwamba usiku nchi kavu hupoa ilhali maji hubaki na joto la nyuzi 25 hivi, pepo zikageuka, zikatoka pande zote na kukutana juu ya Ziwa Viktoria, ziwa letu lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini mtu anaweza kuyajua hayo yote na bado, saa mbili usiku akiona nyota, akayasahau. Mimi niliyasahau.

Ilikuwa Machi, mwaka wangu wa pili kazini, na fukuto lilikuwa na siku ya nne. Alasiri ngurumo kubwa ilipasuka upande wa mashariki, na kufikia machweo ilikuwa imekwisha, umebaki utandu mwembamba wa mawingu ya juu. Nilijiambia kwamba anga limekwisha kupumua. Modeli ya jioni, yaani utabiri wa kompyuta, nayo iliweka mvua mbali, upande wa magharibi, karibu na Bukoba, alfajiri. Nikaandika "ngurumo katika maeneo machache", na tahadhari ya upepo mkali na mawimbi sikuitoa.

Saa tatu na robo usiku rada ilionyesha mstari mwembamba kama unywele, umepinda kama upinde, mwangwi dhaifu usiofika dibizedi 15 (kipimo cha nguvu ya mwangwi wa rada), ukitoka ufukweni kuelekea ndani ya ziwa. Niliutazama. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Nikasema ni wadudu, nikarudi kuandika metari, ile ripoti ya hali ya hewa kwa ajili ya ndege. Walikuwa wadudu kweli. Kuhusu kilichorudisha mwangwi sikukosea. Nilichoshindwa kujiuliza ni nini kilichowapanga wadudu wale katika mstari mmoja wenye urefu wa kilomita arobaini. Ilikuwa hewa baridi iliyomwagika kutoka katika ile ngurumo niliyoihesabu kuwa imekufa, ikisambaa chini chini kama maji yaliyomwagwa sakafuni, ikiinua mbele yake hewa nzito ya fukuto, na ikienda kukutana na upepo wa nchi kavu uliokuwa umeanza kuvuma kutoka kusini. Katika picha ya infraredi ya setilaiti, inayopima joto la vilele vya mawingu, hamtaiona hewa hiyo, kwa sababu haina wingu la kuionyesha. Rada huionyesha kwa muda mfupi, nayo ilinionyesha.

Saa saba kasorobo wingu lilichipuka juu ya maji. Picha za setilaiti wakati ule zilikuwa zikija kila baada ya dakika 15. Katika picha tatu vilele vyake vilitoka nyuzi 30 chini ya sifuri vikafika 75, maana wingu lilikuwa likipanda juu kwa kasi. Tahadhari niliitoa saa nane na dakika ishirini. Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi haukuwepo, na mliokulia huku mnajua maana yake: wavuvi wa dagaa wote walikuwa ndani, taa zao zimetanda majini, na simu zao ama zimefungwa katika mifuko ya nailoni ama zimeachwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Mtumbwi mmoja ulipinduka. Walikuwa wanne, asubuhi waliokolewa watatu, wakiwa wameshikilia mgongo wa mtumbwi.

Siku ya tano alikuja ofisini mzee mmoja, baba mdogo wa yule wa nne. Hakugomba. Alivua kofia, akauliza, "Wanangu, usiku ule mlikuwa mnaona?" Mkubwa wangu wa zamu alianza kumweleza habari za modeli. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitafuta ile picha ya saa tatu na robo na kuitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikamjibu, "Ndiyo, Mzee. Dalili niliiona." Alitikisa kichwa polepole, akatushukuru, akaenda zake.

Kwa hiyo mnaponiona nasimama nyuma ya kiti chenu na kuuliza ngurumo ya alasiri ilifia wapi na hewa yake imekwenda wapi, msidhani nawachunguza. Nataka jibu, na nalitaka liwemo katika daftari.

4. Tokeni nje kila saa. Mnanikasirisha mnapoletewa habari za radi na skrini ilhali inamulika dirishani. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na sauti: kila sekunde tatu ni kilomita moja, na sekunde zikiwa chini ya thelathini, mtu wa vipimo asiende uwanjani.

5. Modeli ikikosea mahali, mara nyingi haijakosea siku. Msiitupe, isogezeni kwa macho yenu.

6. Wekeni kalenda ya mwezi mezani. Mbalamwezi inapong'aa, wengi wa dagaa hupumzika; siku za giza ziwa limejaa watu, na siku hizo mashaka yenu yaegemee upande wa kutoa tahadhari. Itoeni kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa baada ya hapo mitumbwi imekwisha kusukumwa majini. Kisha pigeni simu mialoni, msitegemee ujumbe peke yake. Namba za viongozi wa mialo ziko katika karatasi iliyobandikwa pembeni mwa skrini ya rada. Mbili za juu zimebadilika mwezi uliopita, zirekebisheni kwa kalamu.