Maswali na Majibu: Msimkatekate Mtoto Hadithi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wazazi wa Marekani ambao watoto wao wanasoma shule za Kiingereza na Kihispania. Karibu wote wanataja kitabu kimoja: kisa cha Ferdinand, fahali wa Hispania aliyependa kukaa kivulini na kunusa maua. Kiliandikwa na Munro Leaf, picha zikachorwa na Robert Lawson.

Mwanangu ana miaka 6. Namsomea sentensi kwa Kiingereza, kisha hiyohiyo kwa Kihispania. Hatulii. Nakosea wapi?

Hapohapo. Fahali amekalia nyuki, mtoto amebana pumzi anataka kujua kitakachofuata, nawe unamrudisha fahali nyuma akae upya kwa lugha nyingine! Mtu mzima gani angevumilia? Tena mtoto ni mwepesi: akishajua kwamba lugha anayoielewa inakuja, ile nyingine ataiacha ipite tu.

Soma kisa chote kwa lugha moja, mwanzo hadi mwisho. Kesho yake kisome chote kwa lugha ya pili. Akikwama, mwonyeshe picha. Lawson alichora vizibo vya chupa vikining'inia mtini kama vichala vya matunda. Weka kidole pale, sema *alcornoque*, jina la mti huo kwa Kihispania, kisha nyamaza. Atauliza mwenyewe. Hapo ndipo umwambie kwamba vizibo hasa hutengenezwa kwa gome la mti huo. Akiwa bado ana hamu, mwambie ile *al* ya mwanzo ni ya Kiarabu, kama ilivyo katika *alcalde*, mkuu wa mji, neno lililozaliwa na kadhi huyuhuyu tunayemjua sisi.

Mimi sijui Kihispania hata kidogo. Nimwachie mwalimu?

Usimwachie. Irabu zao ni tano kama zetu na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Neno likiishia kwa irabu na halina alama juu, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema sisi: *toro* (fahali), *abeja* (nyuki). Shika machache: *h* haitamkwi, *j* ni kama kh, *ñ* ni ny, *que* ni ke. Anayeweza kusoma "nyanya" anaweza kusoma *España*. Mtoto akikusahihisha, mshukuru na uendelee kusoma.

Hatachanganyikiwa na lugha mbili?

Hapana. Swali hili linaletwa tena na tena na watu waliokua na kilugha nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa au Kiingereza darasani.

Naweza kupiga picha ukurasa wa Kiingereza, simu inipe Kihispania?

Ya nini, wakati tafsiri ya binadamu ipo? Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, alianza kazi katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1921 na akawa akiwasimulia watoto hadithi kwa lugha zote mbili. Ndiye aliyemtafsiri Ferdinand, mwaka 1962. Aliyezoea kusimulia mbele ya watoto anajua sentensi ipumue wapi. Ulizeni maktaba ya mtaani kwenu kabla ya kununua.

Na mtahadharishe mtoto na maneno ya sura moja. *Once*, neno linalofungua hadithi za Kiingereza, kwa Kihispania ni 11. *Red* ni wavu. *Pie* ni mguu. "Hapo zamani za kale" yao ni *Había una vez*.

Nasikia kilipigwa marufuku. Kinafaa kweli?

Kinafaa sana. Kilitoka mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza Hispania, na utawala wa dikteta Franco ukakipiga marufuku. Fahali anayekaa chini katikati ya uwanja wa kupigania fahali, akanusa maua ya vichwani mwa akina mama, hakuwapendeza. Wazazi mnaoruka kurasa za uwanjani, acheni. Bila upanga wa *matador*, mpigana na fahali, mtoto hataona fahali huyo amekataa nini.

Na Kiswahili tukiweke wapi?

Usiku, kitabu kikiwa kimefungwa na taa imezimwa. Msimulie Ferdinand kwa maneno yako, kama bibi yako alivyokusimulia sungura na fisi. Nyuki akifika, mwache mtoto aseme mwenyewe kilichotokea.