Pointi za mwaka bila kwenda Diani

Wakili mwenzangu, umeuliza kama ni lazima ufunge safari hadi Diani, pwani ya Kenya, kwenye kongamano la LSK (Chama cha Wanasheria cha Kenya), ili upate pointi 5 za mwaka za mafunzo endelevu ya mawakili. Si lazima. Semina za mtandaoni za LSK nazo hutoa pointi, na kwa ofisi changa kama yako hilo ni nafuu kubwa. Ila usingoje Desemba. Pointi zikipungua, kuhuisha leseni yako ya uwakili Januari kutakusumbua.

Chagua mada kulingana na mafaili yaliyo mezani. Wateja wako ni wenye maduka, wanaotunza taarifa za wanunuzi, kwa hiyo anza na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Diani nenda ukijaliwa: mimi kesi zangu za kwanza za ardhi nilizipata kwa mawakili niliokutana nao huko wakati wa chai.