Diwani kahama, kura zetu kaondoka nazo

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, naandika kutoka Mkoa wa Manyara. Mwaka 2015 tulichagua diwani wa upinzani. Tulikesha jirani na kituo tukisubiri matokeo, mdogo wangu mgongoni kabeba mtoto mwenye homa. Mwaka 2018 diwani akatangaza kuhamia chama tawala, eti anaunga mkono juhudi za Rais. Uchaguzi ukarudiwa, akarudi yeye yule, shati tu ndilo jipya. Sasa anatuita wapinga maendeleo, neno lile lile alilokuwa akitukanwa yeye. Kikundi chetu cha kufuga kuku tuliomba mkopo wa halmashauri, tukajibiwa kwa mdomo kwamba sisi ni “wa upande ule”. Uchaguzi ukija, nipange foleni ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Diwani wako alikuwa na wenzake wengi msimu ule. Tarehe 17 Februari 2018 watu wa Kinondoni na Siha walirudi vituoni kwa sababu wabunge wao, Maulid Mtulia wa CUF na Godwin Mollel wa CHADEMA, walikuwa wamejiuzulu. Wagombea wa CCM siku hiyo walikuwa nani? Mtulia na Mollel. Wakashinda. Na wapinzani nao wasicheke sana. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, walimtaja majukwaani kuwa fisadi kwa miaka, kisha Julai 2015 wakampokea kwa vigelegele na kumpa tiketi ya urais. Machi 2019 akarejea CCM, wao wakabaki na fulana zenye picha yake.

Unaona ni tabia ya mtu, mimi naona na sheria ina mkono wake. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea ubunge bila kudhaminiwa na chama, na mbunge akiacha uanachama anapoteza kiti. Udiwani nao ni hivyo hivyo. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania suala la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 90, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikampa haki. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ilitaka hata wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao katikati ya muhula. Katiba mpya yenyewe ndiyo hiyo haijapatikana. Kwa hiyo wewe unapiga kura mara moja kwa miaka mitano, chama kinaweza kumvua diwani kadi Jumanne asubuhi. Atamwogopa nani?

Lakini nikuambie na la kwangu, maana nami si malaika. Nilikuwa mtendaji wa kijiji baada ya uchaguzi wa 1995. Mkutano mkuu ulikuwa chini ya mwembe. Taratibu watu wakaanza kukaa kwa mafungu, hawa kivulini, wale juani kwenye mawe, na ukimwona mtu kahama jiwe unajua kahama chama. Siku moja mzee mmoja wa kule juani akauliza mifuko 40 ya saruji ya zahanati iko wapi. Mwenyekiti akanigusa goti. Nikaweka kalamu chini, swali halikuingia kwenye muhtasari. Baada ya hapo watu wa juani hawakuleta tena tofali hata moja. Zahanati ilikwamia kwenye lenta, mbuzi wakalala humo misimu mitatu. Saruji yenyewe ilikuwepo, imehifadhiwa ghalani kwa mwalimu mkuu! Jibu la sentensi moja lingetosha, ila nani amjibu mtu wa upande ule?

Sasa kuku wenu. Mkopo ule ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Sheria haikutaja kadi ya chama popote. Jibu la mdomo msilikubali. Mwandikieni mkurugenzi, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, muombe sababu kwa maandishi, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Msitoke bila mhuri huo.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yakisomwa. Nendeni wanakikundi wote, mkae kivulini katikati ya watu wa diwani. Ulizeni la kuku, ya kuhama kwake yaacheni. Kisha mmoja wenu asimame nyuma ya mtendaji aangalie kama anaandika.

Foleni ya uchaguzi tutaizungumza ukishaniletea hilo jibu la mkurugenzi.