Border Collie wa kituoni na nyumba ya ghorofani

Dada, umeuliza kama umchukue yule mbwa aina ya Border Collie wa miaka 3 ambaye amerudishwa mara mbili kwenye kituo cha kutunza mbwa wasio na wenyewe, nawe unakaa ghorofani Leeds, Uingereza, na wanao wawili wadogo. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningemwacha.

Si kwamba ana tabia mbaya. Mbwa hawa walizalishwa mpakani mwa Uskoti na Uingereza kuchunga kondoo milimani, na kazi hiyo iko damuni. Mtazame penye watoto wanaokimbia: huinamisha kichwa, hunyata, hukaza macho, kisha huwazunguka kuwazuia. Mtoto asiposimama, humng'ata kisigino. Wengine hufukuza hata baiskeli na magari. Kumtembeza nusu saa ukitoka zamu ya usiku hakutamtosha, maana anataka pia kazi ya akili. Akiikosa atajitafutia mwenyewe, na hutaipenda.

Ikiwa moyo umeshamng'ang'ania, uliza kwanza waliomrudisha walitoa sababu gani. Kisha omba ukae naye kwa majaribio. Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu kipimo cha jeni ya MDR1, kwani baadhi ya mbwa wa jamii ya koli (collie) wenye hitilafu katika jeni hiyo hudhurika vibaya na dozi kubwa ya ivermektini, dawa ya kuua vimelea ambayo huko nyumbani mbwa huweza kuchomwa sindano bila kuulizwa ni wa aina gani.

Au waulize watu wa kituo kama wana greyhound, mbwa wa mashindano, aliyestaafu mbio. Hao hupenda kulala kutwa, ila kama una paka, jihadhari.