Jina la Yabesi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Umeuliza kama mnaweza kumwita mtoto Yabesi, maana mamamkwe wako anasema ni jina la mkosi, eti maana yake huzuni. Hajazua, ila ameishia nusu ya habari.

Fungua 1 Mambo ya Nyakati, mlango wa 4, mstari wa 9 na wa 10. Pale ni orodha ya ukoo wa Yuda, fulani akamzaa fulani, mara orodha inasimama kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hata baba yake hatajwi. Jina kapewa na mama: "Ni kwa sababu nalimzaa kwa huzuni." Kwa Kiebrania neno lililotumika hapo ni otsev, uchungu wa mwili na wa moyo kwa pamoja. Neno lililo ndugu yake, etsev, ndilo lililo katika Mwanzo 3:16, Hawa anapoambiwa kwamba atazaa kwa utungu. Mimi ningetafsiri "kwa uchungu".

Sasa tazama herufi. Otsev ina aini, tsade, beti. Yabesi ni yodi, aini, beti, tsade. Mbili za mwisho zimepishana! Jina lingetoka moja kwa moja kwenye neno lile, tungepata kitu kama Yatsevi, "anatia uchungu". Mama amechezea sauti, kalikaribia neno bila kulitamka. Na shina la aini-beti-tsade, kwa mpangilio huo, halina kitenzi katika Biblia ya Kiebrania. Ndipo vijitabu vya majina vinapoteleza: vinachukua sababu aliyoitoa mama na kuiandika kama maana ya neno.

Mweleze mamamkwe wako kwa upole kwamba jambo hili tunalo hata sisi. Kuna akina Tabu, Shida, Mashaka, na hakuna anayewakimbia. Jina linataja hali iliyokuwapo siku ya kuzaliwa, basi.

Asome pia dua ya Yabesi mwenyewe, mstari wa 10. Wahubiri hupenda pale anapoomba azidishiwe hozi, yaani mipaka ya ardhi yake, wakapita mbio mwisho wake: alindwe na uovu, "ili usiwe kwa huzuni yangu". Neno la mama limerudi hapo, safari hii herufi zikiwa zimekaa sawasawa, na mwana anaomba lisimpate. Akajaliwa. Tena mstari wa 9 umekwisha kusema alikuwa mwenye heshima kuliko nduguze.

Msimchanganye na Yabesh-gileadi, mji ambao watu wake waliizika mifupa ya Sauli. Ule una herufi nyingine, shini, mwishoni na shina lake ni la ukavu. Upo pia mji uitwao Yabesi, wa waandishi, katika mlango wa 2 mstari wa 55. Huo jina lake ni lile lile.

Jambo la mwisho ni tahajia. Biblia yetu inaandika Yabesi, ya Kiingereza Jabez. Chagueni moja kabla ya kwenda kuandikisha, na hiyo hiyo iingie kwenye cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na kadi ya kliniki. Vikitofautiana, mtahangaika na viapo siku ya kuomba pasipoti.

Msalimie baba mtoto.

Mama yako